Siku Tuliyofagia Mwalo

Kwa wiki tatu sikulala vizuri kwa sababu ya dagaa. Hawakuwa dagaa wangu. Walikuwa wa mama mmoja wa mwalo mdogo wa wavuvi wa ziwani, ulio kusini mwa Nyegezi, na swali lililonikosesha usingizi lilikuwa hili: je, ni mimi niliyewaharibu? Na kama ni mimi, nimwambie bosi, wakati mkataba wangu ulikuwa bado wa majaribio, au ninyamaze na kuomba Mungu yasijirudie?

Naandika haya kwa ajili yenu mnaomaliza chuo sasa, ambao huenda mkapewa kazi kama yangu. Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wastaafu, na mimi nina miaka miwili tu kazini. Lakini kazi hii ni mpya kwetu. Nilipohitaji mstaafu wa kumwuliza, sikumpata.

Siku ya kwanza nilitoka Buhongwa kungali na giza kwa kuogopa kuchelewa, nikafika ofisini Mkuyuni kabla hata geti halijafunguliwa. Mlinzi akanitazama mimi na bahasha yangu ya vyeti.

“Dada, umekuja kunipokea lindo?”

Kampuni yetu husafirisha mizigo. Wengi wetu ni madereva, mafundi wa magari na makarani wa ghala. Meneja Rasilimali Watu, mtu wa Mara mwenye sauti ya kuhubiri, aliniketisha mbele ya meza yake.

“Koku, wewe ni mratibu wa kujitolea. Maana yake nini?”

Nikaanza kueleza nadharia za ushirikishwaji wa jamii. Akainua kiganja.

“Maana yake ni hii. Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wangu wanapanda basi, wanafanya jambo jema, wanarudi salama. Na picha ziwepo.”

Kila mfanyakazi alikuwa na siku mbili kwa mwaka za kuitumikia jamii huku akilipwa mshahara kama kawaida. Mratibu ndiye hutafuta nafasi, yaani mahali penye kazi na watu wanaoihitaji. Kisha humwandikia mtendaji wa mtaa barua ambayo Meneja huisaini, hupitisha fomu ya utayari ambayo mfanyakazi husaini kwamba hakulazimishwa, na mwisho huandika taarifa. Nilifanya yote hayo mara tatu tatu. Niliwaza kofia, maji ya kunywa, sanduku la huduma ya kwanza, fundi mwenye pumu, dereva asiyejua kuogelea. Niliwaza hata nyuki, kwa sababu niliona mti.

Nafasi yangu ya kwanza ilikuwa usafi wa mwalo. Mwalo ni pale mitumbwi inapotia nanga na samaki wanaposhushwa. Nilikuwa nimepita siku moja, nikaona chupa za plastiki na nyavu chakavu zimezagaa, nikasema hapa ndipo. Barua yangu kwa mtendaji ilikuwa fupi na nzuri. Halafu, kwa kuogopa mtu asije akajikwaa kwenye vyombo vya watu, nikaongeza sentensi moja mwishoni: “Tunaomba eneo liwe wazi siku hiyo.”

Eneo lilikuwa wazi kweli. Tulikuta mchanga mtupu, akina mama wamekaa pembeni kwa heshima, wametupangia hadi viti. Tulifagia mpaka saa nane tukiwa na fulana za kijani za kampuni. Magunia ya taka yalijaa, madereva walitaniana, picha zikapendeza. Meneja alinipigia makofi mbele ya wote. Nilirudi nyumbani nikiwa, kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo, sina la kuwaza.

Jumanne nilirudi peke yangu kutafuta sahihi ya mtendaji kwenye taarifa. Akina mama watatu walikuwa wakigeuza dagaa mchangani.

“Shikamooni.”

“Marahaba,” akajibu aliyekuwa karibu, mama mnene mwenye kanga kiunoni. Baadaye nilimjua kwa jina la Mama Magreth. “Wewe si ndiye binti wa fulana za kijani?”

“Ndiye mimi, mama.”

“Mlifagia vizuri. Hata kuku wamefurahi.”

Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kwa sababu sikuelewa. Mama Magreth akaenda kwenye kibanda chake, akaburuta gunia, akalifungua. Harufu ilinifanya nirudi nyuma. Dagaa walikuwa wa rangi ya tope, wamekatika vichwa.

“Hawa walishushwa alfajiri ya Jumamosi yenu,” alisema. “Dagaa akishuka anataka jua la asubuhi. Hawa walilundikwa nyuma ya kibanda hadi mlipopanda basi lenu. Sasa ni chakula cha kuku. Gari la mteja wangu wa Shinyanga lilikuja Jumapili, akanusa, akaondoka.”

“Mbona hamkutuambia?”

“Tumwambie nani? Mtendaji katusomea barua, wageni wanakuja, tupishe. Mgeni utamwambia, ‘Kaa hapo kwanza, naanika dagaa’?”

“Sasa tungekuja lini?”

“Wakati wa mbalamwezi. Wavuvi wanatumia taa, mwezi ukiwaka dagaa hawaifuati. Mitumbwi inalala siku kadhaa, mchanga wote mtupu. Mngefagia hadi mchoke. Ninyi mmekuja kwenye giza, ndiyo siku zetu za kazi.”

“Sikujua, mama.”

“Kwani chuoni ulisoma nini?”

“Maendeleo ya jamii.”

Safari hii walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mama Magreth peke yake ndiye aliyeacha kucheka mapema.

“Yule mteja nimemwuzia miaka mingi,” alisema. “Kaniambia akikuta tena mzigo wa namna ile, anahamia mwalo wa jirani. Mkija tena, mwanangu, tazameni mwezi.”

Hapo ndipo usingizi uliponihama. Tulikwisha kupanga kurudi palepale mwezi uliofuata, tena pamoja na Mkurugenzi wa Kanda. Nilihesabu siku kwenye kalenda ya kanisa iliyoonyesha mwezi mpevu. Jumamosi yetu ilikuwa katikati ya giza.

Mtu mwingine angekwenda ofisini kesho yake na kusema. Mimi nilijiuliza kama mama hakutia chumvi. Nikajiuliza kama dagaa wale hawakuharibika kwa wingu, maana Jumamosi ile palikuwa na wingu, au hapakuwa? Nikaandika barua pepe tatu, nikazifuta. Nikajiambia nitasema baada ya kikao, kisha baada ya kikao kingine. Siku ya kupeleka barua kwa mtendaji ikafika, na kwa woga nikachapa ileile ya zamani, pamoja na sentensi yake ya mwisho, nikaipeleka.

Jumatano, zikiwa zimebaki siku tatu, nilibisha hodi kwa Meneja na kumwambia yote.

“Umejua lini?” aliuliza.

“Wiki tatu zimepita.”

“Na umekaa nayo tu?”

“Nilikuwa nawaza, bosi.”

“Koku, wewe utawaza mpaka tustaafu sote.” Akavua miwani. “Tarehe haibadiliki. Mkurugenzi ameshapanga safari yake. Tafuta namna.”

Alhamisi asubuhi nilimpelekea namna. Ilikuwa barua mpya kwa mtendaji. Ilifuta ile niliyokwisha kuipeleka, ikaomba akina mama waanike dagaa kama kawaida, na kusema kwamba wafanyakazi wetu watafanya kazi yoyote watakayopangiwa na wenye mwalo.

Aliisoma taratibu.

“Kwa hiyo Mkurugenzi atageuza dagaa?”

“Kama watampangia.”

“Na fagio tulizonunua? Na bango la usafi?” Akaiweka barua pembeni, juu ya rundo la makaratasi mengine. “Siisaini leo. Niache niifikirie.”

Nilirudi mezani kwangu nikakaa. Neno lile nililijua vizuri kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Nilijua linaanzaje asubuhi, linavyojificha mchana, na linavyomfanya mtu mzima apeleke barua asiyoiamini. Meneja hakuwa mtu mbaya. Angeifikiria Ijumaa, angeifikiria njiani Jumamosi ndani ya basi, na wakati huo dagaa wangekuwa wamelundikwa tena nyuma ya kibanda.

Nilichapa barua nyingine, maneno yaleyale, lakini palipokuwa na jina lake nikaweka langu: Mratibu wa Kujitolea. Nikasaini, sahihi ikatoka kama ya mtoto wa darasa la pili. Niliomba ruhusa ya kutoka, nikaenda.

Mtendaji aliisoma, akanitazama. “Ninyi watu mnataka nini hasa? Tupishe au tusipishe?”

“Msipishe, mzee.”

Akagonga muhuri, akanipa nakala. Mama Magreth nilimkuta akikunja neti.

“Mama, Jumamosi msiondoe kitu. Anikeni kama siku zote, na sisi mtupe kazi.”

“Na huyo mkubwa wenu tuliyeambiwa anakuja?”

“Naye ana mikono.”

“Haya. Waje saa moja, siyo saa nne kama mabwana harusi. Na wavue viatu, dagaa hawakanyagwi na buti.”

Nilirudi Mkuyuni kabla ya ofisi kufungwa. Njiani nilitunga maelezo marefu, yenye utangulizi na samahani nne. Meneja alikuwa anafunga kabati. Nikaweka nakala yenye muhuri juu ya meza yake, mbele, si kwenye rundo, na maelezo yote yakanipotea.

“Nimeshaipeleka,” nikasema. “Nimesaini mimi. Kazi inaanza saa moja asubuhi, na inabidi tuvue viatu.”