Makosa Manne na Jiko Moja

Baba alistaafu ualimu, lakini kalamu nyekundu haikustaafu naye. Walimu wenzake walirudi Kagera kwenye migomba yao. Yeye alibaki Igoma, akalihamishia darasa lake mbele ya televisheni na kuanza kusahihisha matangazo ya biashara. Kila tangazo lilipewa alama katika daftari, kumi kwa kumi ikiwa ndiyo ya juu, na karibu yote yalifeli.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake pekee. Mama alikataa kujiunga. Alisema anaangalia televisheni apumzike, si afanye mtihani. Basi kila Jumapili baada ya misa nilikwenda kwao, nikaketi na baba kwenye kochi, na makosa tukayapa majina yetu wenyewe.

Kosa la koti jeupe ni pale mtu anapovaa koti, akasifu dawa ya meno, nasi tukaamini ni daktari. "Hata wauza nyama wa hapa sokoni wanavaa koti jeupe," baba alisema. Kosa la dagaa ni kununua kitu kwa sababu kila mtu anakinunua. Dagaa nao hukimbilia taa ya mvuvi kwa sababu hiyohiyo, na mwisho wao tunaujua maana tunaula na ugali. Kosa la Usagara ni kuambiwa una njia mbili tu, sabuni yao au uchafu, wakati hata pale njia panda ya Usagara mtu anaweza kushuka, akanunua mahindi ya kuchoma na kurudi kwake. Lililomuudhi kuliko yote ni kosa la jogoo: jogoo amewika, kumekucha, basi jogoo ndiye aliyeleta jua.

Niliipenda mno nafasi ile. Kaka zangu baba aliwasikiliza kwa adabu, lakini mimi alinisikiliza kalamu ikiwa mkononi.

Sasa, mtaani kwetu kuna fundi wa majiko ya mkaa. Aliniomba nimwandikie tangazo na kulirekodi kwa sauti yangu, lipigwe kwenye gari lenye spika. Nikaandika ukweli: jiko hili linatumia mkaa kidogo na halichomi vidole. Fundi akasikiliza hadi mwisho.

"Dada, hili ni tangazo au taarifa ya habari?"

"Kwani jiko si zuri?"

"Ni zuri. Lakini uzuri peke yake hauuzi."

Nikaenda kuandika upya, na naona aibu kusema jinsi lilivyokuja kirahisi. Makosa yale niliyajua kama mama anavyojua kiasi cha chumvi. "Mimi ni mama wa watoto watano," nilisema kwenye rekodi. "Igoma nzima imeshahamia jiko hili. Wataalamu wamelithibitisha. Chagua mwenyewe: jiko letu, au moshi na machozi. Tangu nilinunue, mume wangu anawahi kurudi nyumbani." Sikuwa na mtoto wala mume, na mtaalamu pekee niliyemwona alikuwa fundi mwenyewe.

Nilimsihi gari lisipite mtaa wa wazazi wangu. Aliitikia kama watu wanavyoitikia mahubiri.

Jumapili ya wiki hiyohiyo gari likasimama chini ya dirisha la wazazi wangu, dereva akaingia dukani kunywa soda, na tangazo likajirudia. Baba akapunguza sauti ya televisheni. Mara ya kwanza alisikiliza akiwa amefumba macho. Mara ya pili alifungua daftari. Mara ya tatu nilikuwa jikoni kwa mama, naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Akaniita. Nilijua nafasi yangu kwenye kochi imekwisha, na iliniuma.

"Mkwe wangu hajambo?"

Nikafuta mikono kwenye kanga.

"Maana nasikia siku hizi anawahi kurudi."

Mama alicheka huko jikoni mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Alinigeuzia daftari: koti jeupe, dagaa, Usagara, jogoo, na chini yake sifuri kubwa nyekundu.

"Hajatokea hata mmoja aliyeyakusanya yote manne," alisema. "Kumbe ulikuwa unasoma."

Hadi leo sijui kama alikuwa ananisifu.

Jumapili iliyofuata nusura nisiende. Nilipofika nikakuta uani ndizi zinachemka juu ya jiko jipya la fundi. Mama alisema baba alilifuata mwenyewe kwa miguu na kulibeba mikononi hadi nyumbani.

"Shikamoo baba. Umenunua jiko."

"Marahaba. Nimenunua."

"Na tangazo ulilipa sifuri."

"Tangazo ni bovu. Lakini sauti ile naifahamu tangu ilipokuwa inalilia maziwa. Haiwezi kuniuzia kitu kibaya."

"Baba, hilo nalo ni kosa."

"Kosa gani? Kwenye daftari halimo."

Akaninyooshea kalamu nyekundu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona akimpa mtu kalamu ile. Nikaandika kosa la tano, kosa la baba, na pembeni yake nikaweka sifuri, ingawa mkono haukutaka.

Akavaa miwani, akaikagua sifuri yangu kwa muda mrefu.

"Umesahihisha kwa haki," akasema, kisha akasogea kidogo kwenye kochi ili nikae.