Rili Niliyoiuza na Neno Nililompa

Niamkie. Usiogope, nipe shikamoo tu. Haya, umesikia nikiitikia? Hujasikia, na hutasikia. Basotu nzima wananiita mwenye kiburi, na wananiudhi kupita kiasi, maana hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, na akili zangu timamu.

Ni miaka ile wazungu wa mashamba ya ngano walipofungasha na kuondoka. Walipenda kuvua, na vifaa vyao vingine vilibaki kwa wapishi na walinzi. Mimi nikawa nanunua rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi wa ndoano. Za zamani, za shaba, ndizo zilizotafutwa. Nasafisha, natia mafuta, naivulia kwanza ziwani nione kama inazunguka vizuri, kisha naipeleka Arusha kwa jamaa anayewauzia wazungu wanaokusanya vitu vya kale. Nyumba yangu iliezekwa bati kwa faida hiyo, niamini.

Siku hiyo nilikuwa najaribu rili niliyoinunua Gitting. Jua bado liko juu. Mara namwona mzee wa Kizungu anatoka majini, kulekule kwenye viboko, kofia yake imechomekwa ndoano za manyoya, zile za kuvulia samaki. Suruali kavu! Ningekimbia, sivyo? Lakini sisi tumelelewa: mkubwa anaamkiwa kwanza. Nikamwamkia.

Kimya. Anaitazama rili tu.

Nikarudia. Kimya. Hasira zikanipanda. Huku kwetu shikamoo haiachwi hivi hivi! Nikamwambia, "Mzee, hata kama wewe ni mzungu, mimi si mbwa. Itikia!"

Akasema taratibu, "Nimesahau inavyoitikiwa. Nipe neno lake."

Nikampa. Nilimpa kwa kufoka, tena nikamkaripia alitamke sawasawa. Akalitamka. Kwa sauti yangu, jamani! Yangu hii hii! Kisha akarudi majini, na maji hayakutikisika.

Jioni binti yangu akaniamkia, nikafungua mdomo, halikutoka. Nikadhani ni baridi. Rili nikaiuza wiki hiyo hiyo. Nilipokuja kushtuka kwamba ilikuwa ya yule mzee nikaifuata Arusha, jamaa ananiambia imeshapanda ndege. Nilimtukana mpaka watu wakajaa. Maana matusi ninayo tele, maneno yote ninayo, isipokuwa hilo moja.

Juzi binti huyo kaja kutoka Mbulu na mwanawe. "Shikamoo babu." Mtoto akasubiri. Akarudia. Kisha akamuuliza mama yake, "Nimemkosea nini babu?" Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaupiga ukuta ngumi.

Kwa hiyo sikia wewe. Ukinunua kitu cha mtu, uliza kwanza mwenyewe yuko wapi. Na asiyekuitikia mwache apite na ubaya wake, usimfundishe. Ukipita kwangu niulize habari tu. Shikamoo yako mpelekee mwingine, mimi sina cha kukurudishia.