Debe la Maziwa Tulilolishinda

Nilirudi Marekani kwa sababu ya debe la maziwa. Wanaonijua hapa Chake Chake wanajua kwamba mimi si mtu wa kupoteza nauli. Kiwanda cha barafu cha Tibirinzi, kinachowauzia wavuvi wa Vitongoji, nimekijenga kwa mikono yangu na kwa stashahada yangu ya mitambo ya baridi, bila ya mjomba ofisini. Lakini Kocha Walter, aliyenifundisha mpira wa Kimarekani chuoni, alinipigia simu akasema timu inavunjwa. Wanafunzi wamepungua na chuo hakiwezi tena kuilisha. Imebaki mechi moja, dhidi ya chuo jirani cha ng'ambo ya mto, na mshindi atabaki milele na debe la maziwa tunalogombania.

Binamu yangu Faki alikuwapo nilipopokea simu hiyo. Kwa miaka yote amekataa kuamini kwamba nilicheza.

"Yakhe, mpira unashikwa kwa mikono halafu mnauita wa miguu," alisema. "Na weye ulikuwa mchezaji au mchota maji?"

Nilimjibu kwamba jina langu limechorwa kwenye debe hilo na nitamletea picha.

Wawi, asubuhi. Uwanja wa ndege uko kwetu, kwa hiyo mama yangu, Bi Mgeni, alinisindikiza kwa miguu. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi kando ya njia, naye alinitilia mfuko mmoja begini, akisema mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Ndege ndogo ilinifikisha Unguja, na kubwa zikanivusha bahari mbili. Ofisa wa forodha wa Marekani aliunusa ule mfuko kwa muda mrefu, akaniuliza kama ni dawa. Nikamwambia ni harufu ya kisiwa changu, kisha nikamweleza vizuri, akaniruhusu.

Siku ya pili, kituo cha mabasi. Kocha Walter alikuwa akinisubiri ndani ya gari lake la mizigo. Amezeeka, goti moja halikunjiki, lakini sauti ni ile ile iliyokuwa ikitukimbiza kwenye barafu. Njia nzima ilikuwa mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, naye alinisimulia upya habari za timu kama mtu anayehesabu watoto wake.

Chuo kilianzishwa kwa ajili ya watoto wa wakulima. Timu ya mwanzo ilicheza kwenye malisho, na kabla ya mechi ilibidi wawafukuze ng'ombe na kuzoa mavi. Kofia zao zilikuwa za ngozi, zimeshonwa na fundi wa matandiko ya farasi. Vita vikaja, vijana wakaenda, na timu ikafa, waliorudi wakaifufua. Daima walikuwa wachache. Kijana aliyekuwa akigongana na watu kipindi cha kwanza, wakati wa mapumziko huchukua tarumbeta akapiga na bendi, jezi ikiwa na tope, kisha akarudi kugongana. Vyuo vikubwa viliwacheka, na vingine vilivyowacheka vilifungwa uwanjani.

Na debe? Mkulima mmoja aliyekuwa na mtoto katika kila kimoja cha vyuo hivi viwili alichoka kusikiliza ugomvi mezani kwake. Akatoa debe la chuma alilokuwa akitilia maziwa, akasema mgombanie hili. Tangu hapo mshindi hulala nalo mwaka mzima, na aliyepata pointi za mwisho huchora jina lake ubavuni kwa msumari. Wengine hugombea kombe, sisi tuligombea debe.

Mimi nilikuwa mpiga mateke, yule anayeingia kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya nguzo. Nilikuja chuoni na miguu iliyofunzwa kwenye viwanja vya Wawi, na Kocha aliponiona nikipiga mpira pekupeku alisimamisha mazoezi. Mwaka wangu wa mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi mbili na muda unakwisha. Niliupiga mpira ule wenye umbo la yai, ukapita katikati ya nguzo, pointi tatu, debe likarudi kwetu baada ya kukaa ugenini miaka mingi. Sijaona haya kulisema hilo, wala sitaona.

Chuoni, mkesha wa mechi. Kocha alinionyesha kabati la kioo lililotengenezwa mlangoni pa ofisi. Tukishinda, debe litawekwa humo, na upande wenye jina langu utatazama nje. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kupokea cheti. Jikoni kwake tulitia karafuu kwenye chai, nikamsimulia mchezo wetu wa ng'ombe: zumari, wanawake wakiimba, na kijana mwenye kitambaa akimchokoza fahali aliyefungwa kamba.

"Mwisho mnamla?" akauliza.

"Hauawi. Mchezo ukiisha, mwenyewe humrudisha malishoni. Ukimla, mwakani utacheza na nani?"

Kocha alichukua tena kijiko. Alikoroga chai iliyokuwa imekwisha kukorogwa.

Siku ya mechi. Mvua ya baridi, uwanja tope tupu. Wa kwetu walikuwa wachache hata benchi lilionekana refu. Wachezaji wa zamani tulisimama ukingoni tukiwapigia kelele, na mimi nilipiga kelele kwa Kipemba, kwa sababu kule hakuna wa kunikataza. Tulitangulia kufungwa. Dakika za mwisho kijana mnene wa kwetu, mpiga ngoma wa bendi, aliukumbatia mpira akaanza kwenda, wapinzani watatu wakimning'inia mgongoni, akaangukia ng'ambo ya mstari wa mwisho, na hizo ni pointi sita. Tukashinda.

Mpiga ngoma alichora jina lake ubavuni mwa debe kwa msumari. Nikapiga picha ya jina lake, na ya langu: KOMBO, WAWI. Kisha Kocha Walter akalinyanyua debe na kuanza kuvuka uwanja na goti lake, kuelekea benchi la walioshindwa.

"Kocha, tumeshinda sisi," nahodha wetu alimwambia.

"Ndiyo maana tunaweza kulitoa. Aliyeshindwa hana cha kutoa."

Alilitua miguuni pa nahodha wao. Kijana yule aliuliza watagombea na nani. "Tafuteni timu," Kocha alimjibu. "Majina msiyafute."

Kusema kweli niliumia. Nililifikiria lile kabati na jina langu likitazama nje. Lakini Kocha alinigeukia mbele ya watu wote, akaniuliza, "Kombo, si ndivyo mfanyavyo kwenu?" Nikasema ndivyo. Wachezaji wetu wakaanza kupiga makofi, na wale wa ng'ambo ya mto wakavua kofia zao.

Wawi tena. Faki alikuwa barazani kwa mama hata sijatua begi. Aliikodolea macho picha, akaikuza kwa vidole viwili, akaliona jina. Hakutaka kushindwa mara moja.

"Na debe lenyewe li wapi?"

"Tumewapa tuliowafunga."

Alinitazama kama anayemtazama mtu aliyepotewa na akili. Nikamweleza kwamba sisi hatuna timu tena na wao wanayo, na debe likikaa kwenye kioo hakuna atakayeligombania. Aliirudishia picha udogo wake, akanipa simu yangu.

"Basi mmemrudisha ng'ombe malishoni," alisema.

Mama alisema huyo Kocha ana asili ya Pemba, hajijui tu. Faki hajaniita mchota maji tena. Nami nimejifunza kwamba jina langu li salama zaidi kwa watu wanaolichafua kwa tope kila mwaka kuliko ndani ya kabati. Anayetaka kulihakikisha, nauli atoe mwenyewe.