Kichwa cha Kwanza ni cha Mungu

Wifi yangu hana mtoto anayeitwa Kwanza, na hajawahi kuwa naye. Lakini mtaa mzima unamwita Mama Kwanza, na jina hilo alijitafutia mwenyewe kwa msimamo mmoja ambao mimi, kwa miaka sita niliyofanya naye kazi, niliuona ni wa kututia umaskini mchana kweupe.

Msimamo wenyewe ni huu: kila siku, kichwa cha kwanza kinachoingia saluni yetu ni cha Mungu. Mwenye kichwa hicho halipi. Haulizwi dini, haulizwi alikotoka. Akiwa wa kwanza kupita mlangoni anakaa kwenye kiti cha dirishani, na Mama Kwanza anamsuka kwa mikono yake mpaka amalize, hata uwe mtindo wa saa nne. Kisha siku nzima anamwombea kwa jina, kimoyomoyo, huku akiendelea na vichwa vingine.

Nilipomuuliza ilianzaje, alinijibu bila kupepesa macho.

"Zamani nilikuwa nasali jioni. Nafika kitandani nimechoka, naanza tu, amina inanikuta nakoroma. Siku moja nikajitazama nikaona aibu. Wateja nawapa mikono yenye nguvu, Mungu nampa makombo. Nikasema basi, na yeye aandaliwe cha moto."

Mimi nimeolewa na mdogo wake, na wifi ni wifi, hatuachiani neno. Nikamuuliza kama Mungu naye husukwa.

"Hasukwi," akasema. "Lakini anao watu wengi hawajachana nywele."

Habari kama hiyo haifichiki. Kufumba na kufumbua watu wakaanza kupanga foleni alfajiri. Kuna mama mmoja mwenye gari alikuwa anafika kabla hata jogoo hajajua kumekucha, anateremka na viatu vyake vya kisigino, anakaa kwenye ngazi yetu akisubiri cha bure. Damu ilinichemka. Mama Kwanza akamsuka mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, vizuri kabisa, bila kununa. Mara ya nne yule mama alikuja ameshika mkono wa msichana wake wa kazi, akamkalisha yeye kwenye kiti, akaenda kusubiri nje. Mimi mwenyewe nikamletea yule msichana taulo.

Kilichonishinda zaidi ni kwamba kazi yetu haidumu. Fundi wa matofali akijenga ukuta, wajukuu wataukuta. Sisi tunasuka leo, wiki ya tatu mtu anafumua na kutupa. Siku moja nilimwambia hivyo Mama Kwanza nikiwa nafagia nywele sakafuni, nimekasirika na mgongo unauma.

"Ni kweli," akasema. "Kila nilichosuka tangu ujana wangu kimefumuliwa. Ningeweka moyo wangu kwenye nywele ningeshapata wazimu."

"Sasa unauweka wapi?"

"Kwa mwenye kichwa. Yeye hafumuliwi. Yeye Mungu anamtaka milele."

Nikaendelea kufagia. Maneno mazuri hayajawahi kuleta maji ya bomba, nikajisemea, maana saluni yetu haikuwa na bomba. Tulikuwa tunachemsha maji kwa birika, tunachanganya kwenye ndoo, tunamwagia wateja kwa kopo huku wamelalia beseni. Na hapo mbele, kwenye jengo hilohilo, upande wa barabara kubwa, kulikuwa na chumba kitupu chenye mlango wa kioo, masinki mawili na nafasi ya viti sita. Nilikuwa nikipita hapo kila siku nachungulia. Nilishapanga kichwani kiti changu kikae wapi.

Ndipo mama mwenye jengo akaja mwenyewe. Binti yake anaolewa Jumamosi. Ibada ni saa nane mchana. Anataka bibi harusi na wasindikizaji saba watengenezwe nywele, na bibi harusi aguswe na mikono ya Mama Kwanza, si ya mtu mwingine. "Mkinipendezea hiyo shughuli," akasema, "funguo za chumba cha mbele ni zenu. Kodi tutaongea kama ndugu."

Nusura nipige vigelegele. Lakini wifi yangu akakunja taulo lake taratibu, akasema, "Tutafurahi sana, mama. Ila kichwa cha kwanza siku hiyo, kama siku zote, ni cha Mungu. Nyinyi mtakuwa wa pili."

Yule mama akacheka. "Kimoja tu? Hakuna neno. Tutafika saa moja na nusu."

Yeye alicheka, mimi sikulala vizuri siku tatu. Namjua Mungu wa wifi yangu. Ana tabia ya kuleta vichwa vigumu. Nikawaza, itakuwaje siku hiyo akija mtu anataka misuko myembamba ya kutwa nzima? Nikawaza na kuwazua mpaka akili ikanijia, na niseme ukweli, niliiona ni akili ya hali ya juu. Dukani kwa muuza vyuma, mkabala na sisi, kulikuwa na mlinzi wa usiku, mzee mpole ambaye kichwa chake kilikuwa kimebaki na nywele chache juu ya masikio, basi. Zamu yake inaisha saa kumi na mbili. Nikamwambia, "Baba, Jumamosi ukitoka kazini pitia kwetu uoshwe kichwa na kupakwa mafuta. Ila uwe wa kwanza." Akakubali, akanishukuru mno. Dakika tano, nikajiambia, halafu tunaanza harusi. Mungu kapata chake, nasi tumepata chetu.

Jumamosi ikafika. Saa kumi na mbili na robo mzee wa watu yuko mlangoni, kofia mkononi. Nyuma yake, hatua chache tu, akaja mwanamke mwembamba, kilemba kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Nikampokea kwa furaha yote. "Karibu, dada, wewe ni wa pili." Moyoni nilikuwa nacheza.

Mama Kwanza alimwosha yule mzee kana kwamba ana msitu kichwani. Akamkanda, akamfuta, akamuuliza habari za nyumbani. Alipoanza kumpaka mafuta, mzee akajikohoza.

"Mama, mimi nina jambo. Siwezi kukaa hapa nimefungwa taulo shingoni nikanyamaza. Sikuja mwenyewe. Wifi yako ndiye aliyeniita niwe wa kwanza leo. Mimi nina nywele gani za kuletea watu saluni?"

Kitana kikanidondoka. Mama Kwanza hakugeuka. Alimalizia mafuta, akamfungua taulo mzee, akamsindikiza hadi mlangoni na kumwambia jina lake litaombewa leo kama kawaida. Kisha akanitazama. Nilitarajia ngurumo, nikaona mdomo wake unatetemeka kwa kicheko na macho yamejaa machozi, vyote pamoja.

"Wifi," akasema, "umempa Mungu upara."

Sijawahi kuona aibu kama ile. Sikujua nicheke au nilie, masikio yakawaka moto.

Akamgeukia mwanamke wa kilemba. "Dada, karibu kitini. Wewe ndiye wa kwanza."

Kilemba kikafunguliwa. Nywele zilikuwa zimeshikana zote, bonge moja gumu kuanzia paji la uso mpaka shingoni, kitana hakina pa kuingilia. Mwanamke akatusimulia huku ameinamisha uso. Yeye ni mshona mapazia. Mume wake ni fundi wa paa, alianguka kutoka ghorofa ya pili, amelazwa miezi minne, na muda wote huo yeye amelala sakafuni chini ya kitanda cha wodini. Nywele zilikuwa jambo la mwisho kukumbuka. Leo mume anaruhusiwa, saa saba mchana.

"Ninyoeni tu," akasema. "Naona mna shughuli."

Mkono wangu ulishafika kwenye mkasi. Mama Kwanza akaushika.

"Unataka kunyolewa, au unatuonea huruma?"

Mwanamke akaligusa lile bonge kwa vidole. "Mume wangu anazipenda nywele zangu," akasema. "Nilitaka akitoka anione nilivyokuwa."

"Basi hatunyoi."

Ndipo magari yakafika. Bibi harusi, wasichana saba, shangazi wawili, na mama mwenye jengo mbele yao kama jenerali. Akaangalia kile kichwa kwenye kiti cha dirishani, akaelewa mara moja. Mama Kwanza hakumficha. Akamweleza kwamba hili ni la saa nne au tano, kwamba mimi ninaweza kuanza na wasichana sasa hivi, na yeye atakatiza kazi ya dada huyu saa tano kwa muda wa kumtengeneza bibi harusi, kisha arudi.

"Yaani unamweka huyu mbele ya mwanangu? Siku ya harusi yake?"

"Aliye mbele nilimweka miaka tisa iliyopita, mama. Huyu dada ni mgeni wake tu. Lakini binti yako nitamtengeneza kwa moyo wangu wote, na muda utatosha."

"Mimi sisubiri nyuma ya mtu." Akapiga makofi mawili, na kundi zima likarudi kwenye magari. Bibi harusi, maskini, alitupungia mkono dirishani. Dakika mbili baadaye mtaa ulikuwa kimya, na chumba changu cha mbele, na masinki yake mawili, vimekwenda.

Nilikaa juu ya ndoo nikalia waziwazi. Nilimwambia wifi yangu maneno mengi, na mengine siyarudii hapa. Yeye alikuwa ameshaloweka lile bonge kwa mafuta na maji ya uvuguvugu, anachambua kwa vidole, unywele kwa unywele. Nilipomaliza kusema akaniambia, "Saa saba si mbali. Shika upande wa kushoto."

Nilishika kwa hasira. Nilianzia chini, kwenye shingo, nikatia mafuta, nikavuta kidogo kidogo kwa ncha ya kitana. Nusu saa nzima hakuna kitu. Halafu fundo moja likaachia. Sijui nielezeje. Nywele ziliteleza kwenye vidole vyangu, ndefu, laini, nikapiga kelele kama aliyeona mtoto akipiga hatua. "Limeachia!" Mwanamke akashtuka, alikuwa amesinzia.

Kuanzia hapo nilishikwa na wazimu mzuri. Saa tatu, robo ya kushoto imefunguka. Saa nne, nusu. Mimi na wifi tulikuwa tunashindana, huyu akisema langu limetoka, yule anasema na langu. Wateja wawili wakaingia, nikawapa kazi ya kuchemsha maji, na wakachemsha. Saa tano tukaosha, nywele zikashuka mpaka mabegani. Mwanamke alizishika kwa mikono miwili akaanza kulia, nasi tukamwambia alie huku ameinua kichwa, tuna haraka. Tukasuka misuko minene kurudi nyuma, Mama Kwanza kulia, mimi kushoto, na jasho linatutoka. Saa saba kasoro dakika kumi nilifunga wa mwisho.

Hospitali iko mtaa wa pili. Tulimfuata mumewe tukikimbia, sote watatu, aproni hatujavua, na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata hata siku ya harusi yangu mwenyewe. Mume wangu akisoma hapa anisamehe.

Tulifika mume wake anatoka wodini kwa magongo mawili, muuguzi pembeni. Mrefu, amekonda, shati linamning'inia. Akainua macho, akamwona mkewe. Alisimama. Aliangalia muda mrefu, mpaka muuguzi akamuuliza kama mguu unauma. Akatikisa kichwa. Kisha, kwa haya kama bwana harusi, akajipapasa kichwani, kwenye nywele zake mwenyewe za miezi minne.

"Mama watoto," akasema, "mbona hukuniambia? Mimi nitatokaje nje na wewe nikiwa hivi?"

Mkewe akacheka, na Mama Kwanza akacheka, na muuguzi akacheka. Mimi sikucheka. Nilimvuta mpaka kwenye benchi la ukumbini, nikamkalisha, nikachomoa kitana changu kwenye aproni. Hakuna aliyenituma. Nilimchana taratibu, maana kulikuwa na kovu jipya juu ya sikio, nikazunguka kovu, nikampangia nywele vizuri. Nikamuuliza jina lake, akaniambia, nikalirudia moyoni mara mbili ili lisinipotee mpaka jioni.

Akaingiza mkono mfukoni.

"Dada, ni kiasi gani?"

"Hakuna, kaka," nikamwambia. "Inama kidogo, nimalizie nyuma."