Ramu ya Elkana

Kwa miaka tisa Dolphine alisimama kwenye kaunta ya hoteli moja ya ziwani, Homa Bay, bila kuonja tone la pombe. Alikuwa Msabato wa Uriri, binti wa mzee wa kanisa. Bia za watu alizifungua bila kinyongo, ila Jumamosi hakuonekana kazini. Hakumhukumu mnywaji yeyote, isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa mumewe.

Elkana aliendesha trekta za miwa huko Migori. Jumapili jioni alikunywa ramu, pombe ya miwa, vifuniko viwili vya chupa tu, akaimba kidogo, kisha akaja kuketi karibu na mkewe. Dolphine akageuza uso. Harufu hiyo, alisema, ni ya miwa iliyooza.

"Nyar Uriri," mumewe akamtania, akimwita binti wa Uriri kwa Kijaluo, "pilipili usiyoila yakuwashia nini? Onja basi, mara moja tu."

Dolphine akamwonyesha kochi la sebuleni, akafunga mlango wa chumba kwa komeo. Ikawa ndiyo desturi ya Jumapili. Jumatatu moja, Machi mwaka jana, alifungua komeo akamkuta Elkana kochini amekufa, kiatu kimoja bado mguuni. Daktari alisema ni moyo.

Tangu hapo Dolphine alikufa ganzi. Mazishini hakulia, na kwa Wajaluo mjane asiyelia ni habari. Mashemeji walinong'ona mpaka wakachoka wenyewe. Alipika, alifua, alimwandaa bintiye Joyline kwenda shule, na yote aliyafanya bila utamu wala uchungu. Kitu kimoja tu kilimshikilia: ramu ni mbaya. Ikiwa ni mbaya, basi mlango ule ulifungwa kwa haki.

Mwaka huu meneja mpya aliona wageni wa mikutano wamechoshwa na bia. Akamleta Machuki, mwalimu wa kokteli, zile pombe za kuchanganywa, kutoka Kisii, mtu mnene, mpole, mwenye kopo la chuma la kutikisia vinywaji alilolitunza kama kikombe cha meza ya Bwana.

"Kila mtu anitajie pombe haipendi," aliwaambia wahudumu wa kaunta siku ya kwanza. "Hiyo ndiyo utajifunza. Ile unapenda utaimwaga tu bila kupima."

Wengine walitaja jini, wengine wiski. Dolphine akasema ramu.

"Umewahi kuionja, madam?"

"Hapana, Mwalimu."

"Sasa imekukosea nini?"

Dolphine akavuta chupa ya ramu karibu. Wiki nzima alichanganya kwa kipimo, ramu na mnanaa, ramu na tangawizi, na Machuki ndiye aliyeonja. Mara ndimu imezidi, mara sukari haijayeyuka. Ijumaa asubuhi mwalimu akaweka kopo lake chini.

"Leo ni daikiri. Ramu, ndimu, sukari, barafu, basi. Ni ya zamani kuliko sisi wote, na ramu haina mahali pa kujificha. Lakini leo utaonja mwenyewe. Tema kwa sinki ukitaka. Mimi nataka tu ujue unampatia mtu nini."

Dolphine alitikisa mpaka vidole vikaganda kwa baridi, akachuja, akainua glasi. Harufu ilimfikia kwanza, ile ile ya Jumapili. Aliomba kimoyomoyo iwe mbaya. Alikuwa amekwisha kumwomba Mungu mambo mengi, lakini hili aliliomba kuliko yote.

Ilikuwa nzuri. Ukali wa ndimu ulitangulia, sukari ikafuata, na chini yake joto la miwa, lile ambalo Elkana alirudi nalo kwenye nguo zake kutoka mashambani. Hakutema. Alimeza.

"Iko aje?" Machuki akauliza.

"Iko sawa, Mwalimu."

"Sawa si jibu. Nzuri ama mbaya?"

"Nzuri." Akaiweka glasi kauntani. "Mume wangu aliniambia nionje. Nikakataa."

Machuki, asiyejua lolote, akacheka kwa upole. "Basi ukifika nyumbani umtengenezee moja."

Dolphine aliitikia kwa kichwa. Akasuuza glasi, akaifuta, akaipanga pamoja na nyingine. Kifuani palimuuma, mahali ambapo hapakuwa pameuma tangu Machi.

Jumapili aliazima bisibisi kwa jirani, akapiga magoti mlangoni mwa chumba, akaanza kung'oa komeo. Joyline alisimama nyuma yake.

"Mama, mbona unalitoa? Halijaharibika."

"Najua," Dolphine alisema, akaendelea kuzungusha.