Cherehani ya Barazani

Kabla ya kuwa hoteli, jengo lile lilikuwa duka la vitambaa la Mhindi, na barazani, kushoto mwa mlango, ndipo alipokaa Dorothea na cherehani yake. Babati nzima ilimwita Mama Goodness. Sare za shule, magauni ya kipaimara, suruali za wanaume walioota kitambi, vyote vilipita mikononi mwake. Mtu wa Nangara au Mutuka akiuliza fundi mzuri yuko wapi, aliambiwa tu aende barazani. Kibao hakuwa nacho wala hakukihitaji.

Mwenye duka alipofariki, wanawe waliuza jengo. Wanunuzi wakaja na meneja wao, Ludovick, kijana wa viatu vyeupe katika vumbi letu hili. Walitaka hoteli ya kifahari, ya kale kwa nje na ya kisasa kwa ndani: milango ile ile ya mninga, nguzo zile zile, halafu vioo na lifti.

"Shikamoo mama," Ludovick alimwambia. "Wewe ni sehemu ya jengo hili. Tukimaliza ukarabati, unarudi pale pale pako."

Hebu niambie, nani angekataa? Dorothea alifurahi mpaka akatangaza kanisani. Wateja aliwasihi wasitafute fundi mwingine, wavumilie kidogo tu. Na Ludovick alipoomba wabaki na cherehani, waisafishe na kuipaka rangi, aliitoa kwa mikono miwili. Muda wote wa ujenzi akawa anapalilia mashamba ya watu kule Bagara. Wapo waliomcheka kwa ujinga wake. Mimi simcheki. Alimwamini mtu aliyemwamkia kwa adabu, basi.

Hoteli ilipofunguliwa aliitwa. Cherehani ilikuwa palepale, inang'aa, miguu yake imefungwa kwa nati kwenye sakafu mpya. Ukutani walitundika picha yake kubwa, ameinamia kitambaa. Dorothea alikaa, akapapasa. Sindano hakuna.

"Tumeitoa, watoto wa wageni wasijichome," Ludovick alisema. "Kazi yako ni kukaa na kukanyaga. Wageni wanapenda kuona mambo ya zamani. Utapata mshahara."

"Na wateja wangu?"

"Mama, hii ni hoteli. Hatuwezi kuwa na foleni ya suruali mlangoni."

Aliomba arudishiwe cherehani yake aondoke. Akajibiwa kwamba kuing'oa ni kuharibu sakafu, asubiri mabosi wakae kikao. Kikao gani! Mpaka leo hakijakaa. Na mwaka ule mvua zilikata mapema, mahindi yakanyauka, nani tena angemwita kupalilia? Akavaa kitenge walichomchagulia, akaketi. Aliwachukia, kisha akajichukia mwenyewe, na hasira hiyo ya pili ndiyo iliyomnyima usingizi.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, Mektilda, mama mkulima wa Mutuka, mteja wake wa miaka mingi, alipanda ngazi za hoteli akiwa na kifurushi kwapani. Baraza lilikuwa na watalii wenye simu zao.

"Mama Goodness! Nilisema utarudi!" Alifungua kifurushi, akatoa kitambaa cha bluu. "Sketi ya Careen. Sikumpa fundi mwingine, nilikusubiri wewe."

Miguu ya Dorothea ilikuwa bado inakanyaga. Mlangoni Ludovick alikuwa amesimama, anatazama.

"Peleka sokoni, Mama Careen," Dorothea alisema kwa sauti ya chini. "Hapa sishoni."

"Hushoni? Si hii hapa inazunguka?"

"Inazunguka tu. Haina sindano."

Mektilda aliinama akatazama, akaona ni kweli. Alikunja kitambaa polepole, asijue ampe pole au amlaumu. Ludovick akamsogelea, akamwamkia vizuri kabisa, kisha akamwomba apishe kidogo, anawazibia wageni picha.

Mektilda alipisha. Dorothea aliinamia meza tupu, akakanyaga.