Koti la Kumi na Tatu

Mpaka leo mtu akinambia "nishonee kama hili hili," damu hunichemka. Mie fundi cherehani, si kioo.

Ilikuwa miaka michache baada ya sisi kufika Maskati kutoka Unguja. Tulikaa mtaa wa Darsait, mie na baba, chumba kimoja na cherehani. Akaja ofisa wa Kiingereza kutoka kambi ya jeshi, na picha mkononi. Wenzake wataigiza vita vya Burma mbele ya wageni, wanataka makoti kumi na mawili ya kaki kama yale ya vitani. Kitambaa watatoa wao. Nikashona la mfano, akalirudisha: kola ndefu. Nikashona tena: mifuko haikukaa pake. La tatu, mgongo sio. Na picha yenyewe imepigwa kwa mbele. Mgongo nitauota?

Baba akaniona navyohangaika, akafungua sanduku lake. Yeye alipigana Burma kweli. Mwaka ule wa sitini na nne wenzetu walikimbia na dhahabu, yeye akakimbia na koti lake la askari. Nikimlalamikia nyumba tuliyoiacha, hunijibu, "Nyumba sikuipigania."

"Lifumue upate kipimo," akanambia. "Lakini siku wakicheza hivyo vita vyao, nnataka nende nimelivaa. Wamuone aliyekuwako."

Nikamwambia ofisa, akacheka, akasema mlete.

Nikalifumua mshono kwa mshono, nikakata kumi na mawili. Safari hii ofisa akayapokea yote. La baba nikalirudishia, na hapo ndipo nilipojitia ufundi: uzi mpya, vifungo vipya kama vya yale mengine, nikalifua, nikalitia wanga, nikalipiga pasi. Kwetu fundi harudishi nguo chakavu kwa mwenyewe. Baba akaliangalia sana, akasema limekuwa jipya. Nikadhani ananisifu.

Siku yenyewe, baada ya Alasiri, tukafika getini. Karani wa stoo ana orodha yake: makoti kumi na mawili, na yote yako ndani. Akamtazama baba, akanambia kwa Kiarabu kwamba nimeiba kitambaa cha kambi nikamshonea mzee wangu. Baba Kiarabu chake kilikuwa cha sala tu. Akanigeukia mie. Ofisa yuko ndani na wageni, na mie nimeshaahidiwa kushona nguo za kambi nzima. Niliogopa, nnasema kweli. Nikajiambia funika kombe mwanaharamu apite, kesho nitakwenda kueleza.

"Livue, baba," nikasema. "Tutalifata kesho."

Akafungua kifungo kimoja kimoja, akalikunja kijeshi, akampa karani. Tukarudi Darsait kwa miguu, yeye na fulana, mie nyuma yake, nimejaa ghadhabu na sina wa kummwagia.

Kesho yake ofisa akasikitika sana, akanipeleka stoo nichague mwenyewe. Makoti kumi na matatu yametungikwa. Nikayageuza ndani nje, nikanusa mpaka makwapa. Yote mkono wangu. Nikachukua moja lililokaribia kimo chake, nikampelekea.

Baba hakulijaribu. Aliliweka magotini, akaniuliza, "Mwanangu, kusema 'hili koti la baba yangu' kwa Kiarabu, ni maneno mangapi?"

"Matatu," nikamjibu.